Kabla Nyambu Hajarudi Kwangu

Kibomet, Kitale,
Jumamosi, 9 Novemba 2024.

Kaka yangu mpendwa Kinyua,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mama watoto na wote mlio chini ya paa lako hapo Bungoma. Natumaini presha yako imetulia tangu ubadilishiwe dawa, na kwamba duka la mbegu na mbolea linakupa muda wa kupumzika sasa kwa kuwa watu wamemaliza kuvuna. Mama anaendeleaje na mguu? Nyambu aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi anamshika Mama, cucu wake, mkono kila asubuhi, wanatembea mpaka langoni na kurudi, na kwamba juzi walifika hadi kwa jirani. Nilimshukuru Mungu. Mimi sijambo kabisa. Huku mvua inanyesha kila alasiri, malori ya mahindi yamejaa barabarani, na kazi ya sare za shule za Januari imetuzidi.

Najua unashangaa kupokea barua kutoka kwangu, tena kwa mkono wa dereva badala ya simu. Nimemwomba dereva wa Bhavika, anayeleta sare Bungoma, akupe wewe mwenyewe na si mtu mwingine. Kaka, simu tumeitumia vibaya mimi na wewe. Kwa miaka mingi nilikudanganya kwa simu. Nilikuwa nikikuambia nimetoka kwenye maombi na huku nimeshika glasi. Sauti yangu imezoea kukulaghai, ndiyo maana leo sitaki kuitumia. Tafadhali isome ukiwa peke yako kwanza, na usiiache katikati hata ukikasirika.

Tangu uliposema binti yangu Nyambu atarudi kwangu mwaka mpya aanze shule hapa Kitale, sijalala na furaha tupu. Nimelala pia na swali. Hujawahi kuniuliza niliachaje pombe. Husema tu Mungu ni mwema, halafu unabadilisha mazungumzo, labda kwa kuogopa kunitia aibu. Lakini unamrudisha mtoto mikononi mwa mtu, na una haki ya kumjua mtu huyo. Kwa hiyo nitakueleza.

Nianze na Julai ya mwaka jana. Nilipolazwa nilikuambia ni malaria kali. Haikuwa malaria. Jumatatu ya wiki ile nilimwaga chupa kwenye sinki, nikaapa kwa jina la marehemu baba kwamba nimeacha, nikaenda kazini bila kuonja kitu. Nilidhani ni ubishi tu unaotakiwa. Jumanne mikono ilitetemeka hata sikuweza kutia uzi kwenye tundu la sindano; nikawaambia wenzangu nina homa. Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa nakata kitambaa cha kaptura, nilianguka sakafuni nikaanza kutupa miguu na mikono kama mtu wa kifafa. Mimi sikumbuki lolote. Nakumbuka tu kuamka nikiwa kwenye gari la Bhavika, kichwa kimelazwa juu ya shali yake, na ulimi umejaa damu.

Wewe humjui Bhavika vizuri. Unajua tu kwamba ni mwenye duka la vitambaa ninakoshonea. Siku hiyo alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata mkwe wake alipofariki, akanipeleka hospitali mwenyewe. Njiani nilianza kumwambia habari ya malaria. Hakugeuza uso. Alisema, "Wamboi, miaka mitatu nakunusa kila asubuhi. Leo ndiyo siku ya kwanza hunuki, na leo ndiyo unaanguka. Usiniambie malaria."

Kaka, nililia. Si kwa uchungu wa ulimi. Nililia kwa sababu nilidhani nimejificha, kumbe nilikuwa nimejificha kama mtu anayefunika uso kwa kiganja katikati ya soko.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Alinieleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka kumi na moja haukatiwi ghafla bila dawa na bila mtu wa kuuangalia. Ubongo hushtuka, na wapo wanaokufa siku ya tatu wakiwa wameazimia mema. Aliniwekea dripu, nikadungwa sindano za vitamini, nikapewa dawa za kutuliza zilizopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mimi na wewe tulidhani ni jambo la adabu. Unakumbuka ulivyonikalisha mbele ya Mama ukaniambia kwamba mwanamke mwenye haya huacha kwa siku moja? Nilikuamini. Kila nilipojaribu siku moja nikashindwa, nilijiambia basi sina haya, na asiye na haya anywe tu.

Kutoka hospitali sikwenda Eldoret kushona mapazia ya hoteli kama nilivyokuambia. Nilikaa miezi mitatu kwenye kituo cha kutibu waraibu nje kidogo ya mji wa Bungoma, karibu nawe hata nilikuwa nikisikia kengele ya shule anayosoma Nyambu. Naomba unisamehe. Nilijua ungekuja kuniona, na sikuwa tayari kuonwa.

Huko nilifikiri tutahubiriwa. Tulilishwa. Mpishi alikuwa mama mmoja anayeitwa Beth, mpana, mwenye sauti ya kuamrisha, naye hakutuuliza habari za dhambi hata siku moja. Alitupa uji wa wimbi asubuhi, yai, ndizi mbivu, maharage, mboga za kienyeji mpaka tukachoka. Niliposusa chakula wiki ya kwanza alisimama mbele yangu na kijiko, akaniambia, "Mama, hakuna askari anayeshinda vita akiwa na njaa. Kula, halafu ndiyo utasema umeshindwa." Nilikuwa na kilo arobaini na sita. Nilikuwa nikinywa chakula changu kwa miaka, na sikujua kwamba nusu ya huzuni niliyokuwa nayo ilikuwa njaa ya mwili.

Usingizi ndio ulichelewa. Wiki tano nzima nililala vipande vipande, nikiota nanywa, nikiamka nikijinusa mdomo. Tuliambiwa tusiogope, kwamba usingizi hurudi kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Tulikuwa tunaamka saa ile ile kila siku, tumelala au hatujalala, na alasiri tunalima bustani ya sukuma wiki mpaka jasho litoke. Siku ya ishirini na tatu nilipewa sindano nishone vifungo vya mashati ya wenzangu. Uzi ukaingia mara ya kwanza. Niliutoa nikautia tena, ukaingia. Beth alinikuta nalia juu ya shati la mtu.

Mshauri wetu aliitwa Kibiwott, mzee wa Cheptais aliyekuwa mwalimu na mnywaji, na ambaye sasa ana miaka kumi na tisa bila tone. Yeye hakuuliza kwa nini tunakunywa. Aliuliza, "Saa ngapi?" Kila mtu alitakiwa ajue saa yake. Mimi yangu ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, wakati tunateremsha milango ya duka, nimechoka, sijala tangu saa sita, na chumba ninachorudi hakina mtu. Kibiwott akaniambia kwamba hapo hakuna muujiza wala shetani wa ukoo. Hapo pana njaa, uchovu na ukimya, vitatu vimekutana mlangoni na chupa inajua saa ya kupita. Basi tukaipanga ile saa upya kama mtu anavyopanga shamba. Tangu nirudi Kitale, saa kumi nakula kitu, hata kama ni viazi vitamu baridi. Duka likifungwa sipiti tena njia ya chini yenye yale mabaa; nazunguka kwa juu, natembea kwa miguu mpaka Kibomet, dakika arobaini, mvua au jua. Nikifika naongea kwa simu na Joy, ambaye nitakuambia habari zake. Na hamu ikija, maana huja, sikimbii wala sibishani nayo. Kibiwott alitufundisha kuikalia na saa mkononi. Hupanda kama maziwa jikoni, kaka, unadhani itamwagika izime moto, halafu inashuka yenyewe. Dakika ishirini. Ya kwangu iliyokaa sana ilikaa dakika thelathini na tano, siku ya harusi ya binti wa jirani.

Yote hayo nilifundishwa nikayafuata. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, na wewe unajua napenda kusifiwa. Lakini kabla hatujaondoka Kibiwott alituita mmoja mmoja. Aliniambia mwili wangu unapona vizuri, ini limeanza kupata nafuu, uzito umerudi. Kisha akasema, "Wamboi, umetueleza mengi. Lakini kuna mahali ukifika kwenye hadithi yako unaruka, kama mtu anayeruka shimo analolijua. Sikulazimishi. Nakuambia tu, pombe nayo inalijua hilo shimo. Itakungoja hapo."

Nilimwambia hakuna shimo.

Nilirudi Kitale Oktoba, nikajiunga na kikundi kinachokutana kila Alhamisi nyuma ya kanisa. Hapo ndipo nilipompata Joy. Ana miaka ishirini na saba, anauza viatu vya mitumba, na Sheng ya vijana anayoongea nusu yake siielewi, lakini ananipigia simu kila jioni kama dada wa tumbo moja. Novemba ikapita, Krismasi ikapita, nikaja kwenu nikachinja kuku nikiwa na akili zangu. Uliniambia umeanza kuniona tena. Maneno hayo niliyabeba mpaka Kitale kama mtu aliyebeba mayai.

Februari nilianguka. Hili hujalijua, na ningeweza kulificha, kwa kuwa lilikuwa la siku tatu tu. Ijumaa tarehe kumi na sita Bhavika alinituma Kiminini kuwapima wanafunzi wa shule moja sare. Nilimaliza saa nane, nikapita sokoni kununua nyanya. Hapo nilikutana na mtu. Alivua kofia, akanisalimu kwa heshima, akaniuliza habari za Mama, kama mguu wake umepona. Nilimjibu kwamba unaendelea kupona. Alisema, "Namshukuru Mungu. Msalimie sana." Akavaa kofia yake akaenda zake.

Sikununua nyanya. Nilikwenda moja kwa moja mpaka baa iliyo nyuma ya soko, nikaagiza kota, ile chupa ndogo ya vodka, na nilikunywa mpaka Jumapili. Ile saa mkononi niliivua nikaitia mkobani.

Joy ndiye aliyenitafuta. Sikuwa nimepokea simu yake ya jioni, basi akamwendea Bhavika, akaambiwa nilitumwa wapi, akaja Kiminini akaulizia baa moja baada ya nyingine mpaka akanikuta. Nilimwambia aniache, kwamba yote niliyofanya tangu Julai yameharibika. Aliketi kwenye kreti mbele yangu. "Hakuna kilichoharibika bana," akasema. "Mwili uliolishwa bado umelishwa. Umeanguka, sawa. Mimi nimeanguka mara tatu. Sasa niambie, unalala hapo ama unaamka?" Niliamka. Tangu jioni ile ya tarehe kumi na nane Februari sijaonja. Miezi tisa inakaribia.

Kibiwott hakunigombeza. Nilipompigia aliuliza swali moja tu: kabla ya kuingia baa, ulikutana na nani? Nilimdanganya. Baada ya majuma mawili nilimpigia tena nikamwambia ukweli, na yeye akawa mtu wa kwanza duniani kuusikia. Wewe ni wa tano.

Kaka, mtu niliyekutana naye sokoni ni Noah.

Najua umekunja uso. Noah, aliyetukamulia ng'ombe kule boma letu la Kiminini miaka tisa. Noah, aliyechoma jiko la Mama. Hivyo ndivyo tunavyolisema jina lake nyumbani, kana kwamba hilo la pili ni jina lake la ukoo. Sasa tafadhali soma polepole.

Jumapili ile ya Juni, 2019, nyote mlikwenda kanisani. Mama alibaki kwa sababu ya mafua, nami nikabaki ati nimtunze. Nilikuwa na chupa yangu chini ya magunia kwenye stoo ya mahindi. Ni mimi niliyeingia jikoni kuchemsha maji ya kumwogesha Mama. Kuni zilikuwa mbichi, hazikushika. Nilichukua mafuta ya taa nikazimwagia, moto ukaruka, nikacheka. Nikaweka sufuria. Mtungi wa mafuta niliuacha wazi, hapo hapo kando ya mafiga. Halafu nikasema nikaonje kidogo wakati maji yanachemka. Niliingia stoo. Nilikunywa, nikalala juu ya magunia.

Noah hakuwa jikoni kabisa. Alikuwa bondeni akikata nyasi za ng'ombe. Mama alipoona moshi alitoka, akaniita, sikuitika, akadhani nimo ndani ya jiko linaloungua. Aliingia kunitafuta mimi, Kinyua. Mguu wa Mama uliungua kwa sababu alikuwa akinitafuta motoni, na mimi nilikuwa nimelala hatua thelathini kutoka pale. Noah alikuja mbio kutoka bondeni, akaingia, akamtoa Mama mgongoni. Ile alama ya moto kwenye shingo yake, tuliyosema ni ushahidi kwamba alikuwa akiwasha, aliipata kwa kumbeba Mama.

Mlipofika kutoka kanisani nilikuwa nimeamshwa na kelele, nimesimama uani. Ulinishika mabega ukaniuliza nani aliwasha moto. Nilisema Noah. Neno moja tu. Lilinitoka upesi kuliko pumzi. Mama alizimia kwa moshi, hakuona aliyewasha wala aliyemtoa, na alikuwa hawezi kusema. Ukampiga Noah kofi mbele ya waumini mliokuja nao, ukamfukuza, akakaa mahabusu siku nne. Mimi nilikaa kando ya kitanda cha Mama hospitalini, watu wakanisifu kwamba ni binti mwema. Na tangu wiki hiyo, kaka, sikunywa tena kwa kupenda. Nilikunywa ili nisisikie neno lile moja.

Mwezi uliopita nilikwenda Matulo, anakoishi Noah sasa. Kibiwott hakunituma, alisema tu nisiende nikiwa na njaa wala hasira, na nisiende kutafuta kusamehewa, kwa sababu huko ni kumwomba mtu zawadi nyingine juu ya ulichomnyang'anya. Joy alinisindikiza. Noah siku hizi anafyatua matofali. Tulimkuta amejaa udongo mpaka viwikoni. Alituletea viti. Nilikuwa nimechukua sukari na mkate, nikaviweka mezani, navyo vikabaki pale pale havijaguswa muda wote.

Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia hapa. Sikumwambia kwamba nilikuwa mgonjwa, ingawa ni kweli. Nilimwambia nilisema uongo. Alinisikiliza akiangalia mikono yake. Nilipomaliza akasema kwamba alijua. Alikuwa amepita stoo kutafuta gunia la kumfunikia Mama akaniona nimelala na chupa. Aliwaambia polisi kituoni, hakuna aliyeandika. "Dada," akasema, "nani angemwamini mkamua ng'ombe mbele ya mtoto wa boma?" Nilimuuliza kwa nini pale sokoni alinisalimu kwa heshima. Akasema alikuwa akitaka kujua kama mama yule yuko hai, kwa kuwa alimbeba.

Kisha nikamwuliza anataka nifanye nini. Alisema ile Ijumaa ya Februari alikuwa Kiminini kutafuta kazi. Mkulima mmoja mwenye ng'ombe kumi na wawili alikuwa amekwisha kumkubali, mpaka jirani akamnong'oneza kwamba huyu ndiye yule wa moto. "Wewe umeniambia mimi, na mimi nilikuwepo. Nenda ukawaambie wasiokuwepo." Hakusema amenisamehe. Alitusindikiza mpaka barabarani kwa adabu yake ile ile, akarudi kwenye matofali yake.

Nimefanya hivi. Nimemwona mzee Ndirangu wa kanisa letu la Kiminini, nimemweleza, naye amekubali nipewe nafasi baada ya ibada ya Jumapili tarehe ishirini na nne mwezi huu. Nitasimama niseme mbele ya watu wale wale walioliona lile kofi. Noah ameniambia kupitia kwa Joy kwamba atakuja, atakaa nyuma. Sikuandikii kukuomba ruhusa. Nimekuomba ruhusa na radhi maisha yangu yote, nikanywa juu ya zote mbili. Nakuandikia ili usilisikie kwa watu.

Kuhusu lile kofi, sijui niseme nini. Lilitokana na neno langu, na nitalikiri hivyo. Lakini mkono ulikuwa wako, na wewe leo ni mzee wa kanisa. Siwezi kumwomba Noah radhi kwa niaba ya mkono wako. Hilo nakuachia.

Mama naomba nimwambie mwenyewe. Nitafika kwenu Ijumaa, siku mbili kabla. Ukiniona langoni usiogope, nitakuwa nimekula, nitakuwa nimelala, na nitakuwa na akili zangu zote. Nyambu pia nataka alisikie kwangu, kwa maneno ya umri wake, kabla hajalisikia kwa mtoto mwingine shuleni. Ana miaka kumi na miwili. Ameishi mikononi mwa mama mwongo; anaweza kuvumilia mama anayesema kweli.

Najua unaweza kuisoma barua hii ukaamua kwamba mtoto habanduki Bungoma. Ulinirudishia imani kidogo kidogo, na leo nimekupa sababu ya kuichukua yote kwa mara moja. Nilipiga magoti wiki nzima nikijiuliza kwa nini nisingoje mpaka Februari, Nyambu akiwa ameshatulia kwangu, ndipo niseme. Lakini huko kungekuwa ni kukuibia tena. Basi amua ukiwa unajua. Ukisema abaki kwako mwaka mwingine, nitakuja kumwona kila mwezi, nitamshonea sare zake, nitangoja. Nitaumia sana, kaka. Lakini sitakunywa.

Nisalimie mama watoto na umwambie namshukuru kwa kila siku aliyomsuka Nyambu nywele nilipokuwa siwezi hata kuchana zangu. Msalimie Mama, bila kumwambia lolote bado. Nyambu mwambie vipimo vya sare alivyonitumia vimefika. Mungu akulinde na akupe moyo wa kuisoma barua hii mara ya pili.

Ni mimi dada yako,
Wamboi.